Stajiere Amefika Lushi

Ukitoka Kinshasa kwenda Lubumbashi, Lushi kwa wenyeji, unapoteza saa moja kabla hata hujapoteza begi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni pana kiasi kwamba saa moja haiitoshi: Kinshasa na magharibi yote ziko nyuma ya Katanga, eneo la Lubumbashi, kwa saa nzima, na kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 1,500 za angani. Jambo hili limo katika vitabu vya jiografia vya shule. Halimo katika barua ya staji, ambayo humtaka mwanafunzi tu afike saa mbili kamili asubuhi akiwa na nakala tatu za kila karatasi aliyowahi kupewa maishani.

Basi stajiere wa Kinshasa hufika saa mbili kamili kwa saa yake ya mkononi, zawadi ya mjomba siku ya kuagana, akiwa na shati lililopigwa pasi na viatu vyeupe. Simu ingemsahihisha, lakini simu ilizimika usiku, umeme ulipokatika kabla haijapata chaji. Mlinzi wa geti la bustani ya wanyama anatazama saa ya ukutani, anamtazama mgeni, anarudi kutazama ukuta. Ni saa tatu. Wanyama wameshakula, vizimba vingi vimeshaoshwa, na kazi iliyobaki ni ile ambayo waliowahi wote wameikwepa. Viatu vyeupe havikufika jioni vikiwa vyeupe.

Huyu stajiere si mtu mmoja. Ni kijana au binti anayepatikana kila mwaka katika kila mji wenye chuo au kazi: mwanafunzi aliyetumwa mbali na kwao, peke yake, kwenda kutenda alichokisoma. Tutamwita stajiere tu, maana huko kazini nako hakuna anayemwita vingine.

Kwa nini Lubumbashi? Kwa burudani, mji huu hauna yale magari ya kupanda mlima wa chuma na kuteremka watu wakipiga mayowe. Wanaotaka mayowe wana mabasi madogo, tutayafikia. Mji ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini, ukachukua jina la Lubumbashi mwaka 1966, na tangu mwanzo umeishi kwa shaba. Bomba refu la moshi la kiyeyushio bado linaonekana kutoka mbali. Lakini Jumapili mchimbaji naye ana watoto, na watoto wanataka kupelekwa mahali. Mahali hapo mara nyingi ni bustani ya wanyama: soda, biskuti, picha za simu, na baba akieleza kwa sauti ya kitaalamu mambo ya mnyama ambaye amemwona kwa mara ya kwanza dakika mbili zilizopita. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, kwa hiyo mwanafunzi mwenye koti jeupe na daftari mbele ya kizimba si jambo geni hapa.

Mjini humu pia kuna hifadhi ya J.A.C.K., iliyoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau. Herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa ya kutaja wanyama wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara haramu Katanga. Wengi wao ni sokwe mtu walioachwa yatima na majangili. Thamani yao wezi pia wanaijua. Septemba 2022 watoto watatu wa sokwe waliibwa katika hifadhi hiyo, na walioiba wakadai fedha ili wawarudishe. Tangu hapo mlinzi wa wanyama akimuuliza mgeni maswali mengi, mgeni ajibu tu.

Sasa linganisha mapokezi. Sokwe mchanga akifika katika hifadhi ya namna hii, haachwi hivihivi. Anawekwa karantini. Daktari anampima damu na kifua. Anapewa chupa ya maziwa, tena usiku na mchana. Anapewa blanketi, na juu ya yote anapewa mtu wa kumkumbatia, kwa sababu porini mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka minne au mitano na bila kushikwa hufa kwa majonzi. Huko Kinshasa, katika hifadhi ya Lola ya Bonobo aliyoianzisha Claudine André mwaka 1994, kuna akina mama walioajiriwa kwa kazi hiyo hasa: kubeba, kulisha, kubembeleza. Stajiere naye ametoka kwao, naye ameachana na mama yake. Anapewa fagio.

Makazi ni somo la pili. Shemeji wa rafiki wa kaka yake amempatia chumba, na jioni anaazima simu kumtuliza mama.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Nimepata nyumba Kenya."

Upande wa pili kimya, kisha kilio. Lubumbashi ina komini saba, na mojawapo inaitwa Kenya. Iko pamoja na Kamalondo na Katuba, huko penye masoko, makanisa na muziki wa usiku, na kuingia hakuhitaji pasipoti. Stajiere anaanza kueleza hayo, salio la simu linaisha. Kabla ya usiku wa manane mashangazi wa Kinshasa wamekwisha kukubaliana kwamba mtoto amevushwa mipaka, na mjomba wa Matadi ameongeza kwa ujuzi wake kwamba yuko Nairobi, amefungwa.

Asubuhi inayofuata anapanda basi dogo. Hapa fundi wa hesabu angefurahi. Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Lakini magari mengi ya Lubumbashi yameingia kupitia Zambia, yakitokea bandari kama Dar es Salaam na Durban, na huko kote watu huendesha kushoto. Usukani uko kulia. Mlango wa kusukuma uko kushoto. Matokeo yake dereva anashukia pembeni, salama kabisa, na abiria anashukia katikati ya barabara. Mwenyeji hushuka akiwa ameshatazama nyuma, mbele, na pikipiki inayopita pasipo na njia. Stajiere hushuka akitazama saa yake, ambayo sasa ameirekebisha na anajivunia. Honi inalia, anaruka, bahasha inafunguka, na nakala tatu za kila karatasi zinasambaa barabarani. Cheti cha kuzaliwa kinaonekana mara ya mwisho kikielekea komini ya Kampemba juu ya lori la saruji.

"Pole, kadogo," anasema kijana wa mlangoni anayekusanya nauli. "Si ulikuwa nacho cha pili?"

Hayo yote yanatokea mwezi wa Juni, na Juni ina neno lake. Kinshasa iko mita mia tatu hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa huko akisema kuna baridi ana maana kwamba leo hakutoka jasho akiwa ameketi. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 na zaidi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Stajiere amekuja na mashati manne ya mikono mifupi. Usiku wa kwanza analala amevaa mawili. Usiku wa pili anavaa yote manne na kuingiza miguu ndani ya begi, kisha anafunga zipu mpaka magotini. Alfajiri kuna ndoo ya maji ya kuogea inayomsubiri uani, na anaizunguka kama mtu anayetafuta mlango wake. Mama mwenye nyumba amejifunga vitenge viwili na sweta, anakoroga uji.

"Hii si baridi bado, mwanangu. Ngoja Julai."

Kwa hiyo anahitaji koti, na koti linahitaji fedha. Anayo noti moja ya dola 20 aliyoshonewa na dada yake ndani ya mkanda wa suruali. Sokoni anamkuta mama mwenye rundo la makoti ya mitumba, anachagua moja zito la buluu, wanapatana. Tena wanapatana vizuri, ingawa stajiere anachanganya Kiswahili na Kilingala, na Kilingala katika mji huu kimezoeleka zaidi kwenye nyimbo na midomoni mwa askari. Kisha anatoa noti.

Mama haipokei kwanza. Anaitazama. Anaishika kwa vidole viwili, anaigeuza upande wa jua, anapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kwenye ukingo, juu, kulia, chini. Chini kulia ukucha unasimama. Pana mpasuko wa milimita mbili.

"Hii haipiti."

"Imepasuka wapi, mama?"

"Hapa."

"Hapo?"

"Hapo."

Kila anayeishi Kongo anaijua sheria hii isiyoandikwa. Dola ya Marekani hutumika sokoni, dukani na kwa mwenye nyumba, lakini sharti iwe bikira: isiwe na mpasuko, wino wala doa, na ikiwa ni ya toleo la zamani inatazamwa kwa huzuni. Faranga ya Kongo haina masharti hayo. Noti ya faranga 500 inaweza kuwa laini kama kitambaa cha kufutia meza, imeungwa kwa gundi ya karatasi katikati, uso umefutika, namba haisomeki, na itapita mikono mia kabla ya saa sita mchana bila mtu kuinua nyusi. Noti iliyotoka Washington inakataliwa kwa sababu ya milimita mbili, na jirani yake iliyokatika vipande viwili inanunua nyanya.

Mtaa wa pili wamekaa wabadilisha fedha, mbele yao meza ndogo na matofali ya faranga yaliyofungwa kwa mipira. Mmoja anaichukua noti mgonjwa, lakini kwa bei ya mgonjwa. Stajiere anarudi kwa mama na fedha pungufu. Koti zito la buluu limekwenda. Kwa kilichobaki anapata sweta jekundu la mtumba, la sufu nzito, lililofumwa mahali fulani pa theluji kwa ajili ya Krismasi, lenye kulungu kifuani. Pua ya kulungu ni kitufe cha manyoya, kikubwa kama limau, nacho kimeshonwa imara. Anaingia nalo kazini mwezi wa Juni, na hakuna anayesema neno. Wenzake wanakohoa tu wakitazama pembeni.

Naye anakohoa kweli. Zile siku za mashati manne zimeshafanya kazi yake, na mafua yanamshika. Mjini mafua ni mafua. Kwa sokwe ni jambo jingine kabisa. Sokwe mtu na binadamu wanashiriki zaidi ya asilimia 98 ya vinasaba, na maradhi ya kifua yanaujua undugu huo vizuri kuliko sisi: mwaka 2008 watafiti walithibitisha kwamba virusi vilivyotoka kwa watu viliua sokwe katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Mahale, mtalii aliyelipa fedha nyingi sana huvalishwa barakoa kabla ya kuwakaribia. Kwa hiyo kanuni ni moja kila mahali wanapotunzwa: anayepiga chafya hasogei.

Stajiere anapiga chafya moja, na fundisho zima analopewa lina neno moja: "Getini."

Amevuka nchi nzima ili awachunguze sokwe, na sasa sokwe ndio wanaomchunguza yeye, kwa mbali, akifagia majani amevaa kulungu. Mchana anajifariji kwa chakula. Kwao fufu mara nyingi ina muhogo ndani yake. Hapa ni bukari ya mahindi, nyeupe, nzito, pembeni sombe, yaani kisamvu, na siku ya bahati michopo, nyama choma ya mbuzi. Anaisifu sana bukari, nusu kwa adabu. Anaambiwa ale upesi, kwa kuwa mahindi mengi ya Katanga hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, kilomita tisini hivi kutoka hapa, na Zambia ikifunga mpaka bei hupanda kabla sahani haijaoshwa.

Getini nako kuna elimu. Wageni wa Jumapili huuliza maswali ambayo hakuna profesa aliyewahi kuyatunga. Je, mamba wa Mazembe yuko wapi? Hilo ni swali la haki. Mamba yumo katika nembo ya TP Mazembe, klabu iliyozaliwa mwaka 1939, mabingwa wa Afrika mara tano, na timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, Abu Dhabi mwaka 2010, ambako Inter Milan waliwafunga 3 kwa 0. Stajiere anajibu kwamba yeye kwa kweli ni wa Vita Club ya Kinshasa, na hapo familia nzima inamtazama kwa huruma iliyozidi hata ile waliyomwonyesha kwa sababu ya sweta. Anajifunza. Wiki inayofuata, anapoulizwa na mzee mwenye kofia ya buluu na njano, anajibu haraka kwamba anaipenda Mazembe. Mzee ni wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe mjini humuhumu.

Mafua yakaisha, hatimaye, na daktari akaruhusu arudi kwenye vizimba. Hapa ujuzi wake wa Kinshasa ukamponza. Kama watoto wengi wa shule za huko, aliwahi kupelekwa Lola ya Bonobo, na bonobo ndio aliokulia akiwaona: jamii ambayo ugomvi wake humalizwa kwa mapenzi na majike ndiyo yenye kauli. Bonobo huishi kusini mwa Mto Kongo tu. Sokwe mtu ni binamu yake wa ng'ambo, na mabavu ndiyo siasa yake. Vitabu vinasema hivyo, naye alipasi mtihani wa vitabu hivyo. Bado akasimama karibu na wavu, akainamisha kichwa kwa heshima kama alivyofundishwa kwa bonobo, na kifua chake, pamoja na kulungu, kikakaribia zaidi kuliko kanuni inavyotaka.

Mkono ulitoka taratibu sana. Vidole vinne virefu, vyeusi, vyenye kucha safi kuliko za stajiere, vilipita katika tundu la wavu, vikagusa pua ya kulungu kwa upole, vikaizungusha nusu, kama mtu anayekagua embe sokoni. Kisha vikavuta. Kitufe kilitoka pamoja na nusu mita ya uzi. Sokwe alikinusa, akakiweka juu ya mdomo wake wa juu, akasubiri makofi.

Yalikuja. Ilikuwa Jumapili, na nje ya uzio walikuwa watoto kumi na kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund waliwahi kukaa na kuhesabu jambo hili katika bustani ya Furuvik, Sweden, ambayo ni bustani ya wanyama na ya michezo kwa pamoja; ripoti yao ya mwaka 2018 inasema sokwe waliwaiga wageni takriban kwa kadiri ileile ambayo wageni waliwaiga wao. Na huko Furuvik ndiko alikoishi sokwe dume aitwaye Santino, ambaye asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, alikusanya mawe kwa utulivu na kuyapanga ili baadaye awarushie watalii. Utafiti wa Mathias Osvath ulitangaza habari zake mwaka 2009. Lubumbashi nayo ina mchango wake. Mtoto mmoja, kwa furaha ya pua ya kulungu, aliketi chini na kurukaruka kwa makalio mbele ya wavu, kama alivyokuwa akifanya kipa Robert Kidiaba kila Mazembe ilipofunga. Ndani ya kizimba, sokwe mdogo alimtazama kwa makini. Kisha naye akaketi.

Wanaokwenda staji za namna hii katika nchi tajiri wana taabu nyingine. Florida, bustani ya Disney's Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998 ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe na safari za Kilimanjaro zinazokwisha kabla jua halijasogea, na hoteli ya jirani ina mkahawa uitwao Jiko, ambamo mtu huingia kwa kuweka nafasi. Tampa, katika Busch Gardens, tangu mwaka 1982 watu wamelipa kiingilio ili walowe katika mto wa mviringo uitwao Kongo. Stajiere wa Lubumbashi akisikia hayo hufanya hesabu haraka. Mto Kongo halisi una urefu wa kilomita 4,700 hivi na hauna mahali pa kukodi taulo. Naye akibaki mpaka mvua za Novemba, atalowa bure, getini, pamoja na bahasha.

Mwisho wa yote kuna ripoti. Ripoti ya staji Kongo ina mpangilio wake: historia ya taasisi, mchoro wa uongozi, kazi zilizotendwa, halafu sura ya lazima kuhusu matatizo na mapendekezo. Huandikwa kwa "sisi", hata kama mwandishi alikuwa peke yake. Rasimu ya kwanza ya stajiere ilikuwa na ukweli mwingi mno. Tulifika baada ya saa moja. Tulishukia katikati ya barabara. Tulikataliwa noti. Tulipata mafua. Tulinyang'anywa pua. Msimamizi alipita na kalamu nyekundu, akakata sentensi baada ya sentensi, akiandika pembeni kwamba haya si ya kisayansi, mpaka likabaki pendekezo moja tu lililoonekana kuwa na adabu: kwamba wageni wapya wapewe blanketi tangu usiku wa kwanza.

Pembeni, kwa wekundu uleule, msimamizi akaandika: "Tayari wanapewa. Taja spishi."

Stajiere akarudisha ripoti kesho yake, saa mbili kamili, nakala tatu. Aliongeza maneno mawili ya Kilatini, akayapigia mstari kama kanuni inavyotaka: Homo sapiens. Kisha, katika mabano, ili pasiwe na utata: wa Kinshasa.